UTAFITI NA UAMUZI WA UMMA: FUNDISHO LA MOROGORO NA RUFIJI

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, na hotuba yake ikajulikana kwa maneno matatu: Kupanga ni Kuchagua. Kada wengi wanayakumbuka maneno hayo. Wachache hujiuliza swali linalofuata: tunachagua kwa kutumia nini? Nchi maskini ikichagua kwa mazoea, au kwa matakwa ya mfadhili, gharama ya kosa hailipwi na mtendaji aliyekaa ofisini. Inalipwa na mkulima na mtoto wake.

Makala hii inaeleza jinsi utafiti unavyoweza kuongoza uamuzi wa umma. Tutautazama mfano wa hapa kwetu, kwa sababu nadharia isiyo na mfano ni rahisi kukaririwa na ngumu kutumiwa.

1. Kuijua hali halisi

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kupunguza vifo kwa fedha kidogo, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye magonjwa yanayowaathiri watu zaidi. Mwanamapinduzi halikubali dai wala kulikataa kwa kuangalia aliyelitoa tu. Hulipima kwa vitendo. Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, ililipima dai hilo katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, kwa mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua watu wanakufa kwa nini. Takwimu za hospitali hazikutosha, kwa sababu watu wengi walifia nyumbani, na anayefia nyumbani haingii katika daftari la hospitali. Kwa hiyo wadadisi walikwenda nyumba kwa nyumba. Waliorodhesha kaya, wakarudi mara kwa mara kuuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Penye msiba, waliwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu.

Kisha matokeo yakalinganishwa na bajeti, na hapo mgongano ukajitokeza wazi. Katika Morogoro, malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha. Kifua kikuu, ambacho mzigo wake ulikuwa chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu watoto wenye malaria. Bajeti ilikuwa imepangwa kwa mazoea na kwa kufuata miradi iliyokuwa na fedha zake.

2. Kosa la kuwalaumu wananchi

Lipo fundisho la pili, nalo ni la itikadi hasa. Kwa miaka mingi watendaji waliamini kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wao wanang'ang'ania waganga wa kienyeji. Mtendaji mwenye imani hiyo huona dawa ya tatizo ni kuwahubiria wananchi.

Watafiti walichunguza vifo vya malaria vilivyotokea Rufiji kati ya mwaka 1999 na 2001, wakafuatilia kila marehemu alipelekwa wapi alipougua. Ilionekana kwamba karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamepata tiba ya kisasa kabla ya kufa. Ni kweli kwamba baadhi ya walioshikwa na degedege walipelekwa kwa mganga. Lakini kwa jumla wananchi walikuwa wameitafuta huduma, wakafa. Kwa hiyo swali likawageukia watendaji: je, zahanati ilikuwa na dawa? Dawa yenyewe ilikuwa bado inatibu? Mwaka 2001 Serikali iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, baada ya vipimo kuonyesha kwamba vijidudu vimekuwa sugu.

Ndugu kada, hebu tafakari. Bila ushahidi huo, tungeendelea kumhutubia mama aliyekwisha tembea saa nyingi na mtoto mgongoni kuifuata zahanati yetu.

3. Kwa nini ushahidi ulisikilizwa

Tafiti nyingi huishia kabatini. Hizi hazikuishia huko, kwa sababu zifuatazo:

(a) Swali lilikuwa la mtoa uamuzi mwenyewe. Timu za afya za wilaya zilishiriki tangu mwanzo. Hazikuletewa majibu ya maswali ambayo hazikuuliza.

(b) Matokeo yalitolewa kwa lugha ya kazi. Mganga Mkuu wa Wilaya alipewa michoro myepesi: huu ni mzigo wa maradhi, hizi ni fedha zako.

(c) Wilaya ilikuwa na madaraka juu ya fedha. Ushahidi mikononi mwa mtu asiye na uwezo wa kuamua hauzai kitu.

(d) Upimaji uliendelea baada ya uamuzi. Huko Rufiji, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 140 kwa kila watoto 1,000 mwaka 1999 hadi 120 mwaka 2000.

Tuseme ukweli: takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba mradi ndio uliosababisha kila nafuu. Lakini wilaya ziliweza kutumia kiasi cha senti 80 tu za Marekani zaidi kwa kila mtu kwa mwaka, ingawa ziliruhusiwa kutumia hadi dola mbili. Hii ina maana kwamba upungufu wa fedha haukuwa kikwazo pekee.

4. Sera nayo ichunguzwe

Utafiti haumaliziki sera inapopitishwa. Huko Kilombero na Ulanga, matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ikaeneza Hati Punguzo kwa wajawazito. Lakini ufuatiliaji ulionyesha kwamba kaya maskini zaidi zilibaki nyuma, kwa kuwa hata baada ya punguzo mama alitakiwa kuongeza fedha yake mwenyewe. Baadaye vyandarua vikagawiwa bure kwa mamilioni. Tunaona hapa kwamba wastani wa taifa unaweza kupendeza huku mnyonge akiwa ameachwa nje. Mtafiti wa umma hana budi kuuliza daima: nani amefikiwa, na nani hakufikiwa?

5. Wajibu wetu

Mtafiti ana wajibu wa kurudisha matokeo kijijini alikoyapata, kuyaandika kwa Kiswahili, na kuyafikisha kabla bajeti haijafungwa. Taarifa inayofika Julai, mwaka wa fedha ukiwa umeanza, imechelewa.

Kada naye asiutumie utafiti kama pambo la uamuzi aliokwisha kuufanya. Taarifa ikipingana na msimamo wake, aichunguze ilivyopatikana. Ikiwa sahihi, abadili msimamo. Kuna viongozi wanaodhani kwamba kuficha takwimu mbaya ni kukilinda Chama. Wahenga walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maswali ya kujadili

1. Katika wilaya yako, ni tatizo gani linalochukua fedha nyingi kuliko uzito wake? Umejuaje?
2. Ni imani gani kuhusu wananchi ambayo viongozi wa kata yako hawajawahi kuipima?
3. Taarifa ya mwisho ya utafiti uliofanyika kijijini kwako iko wapi sasa?