Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Kama unaishi Ruiru, Juja au Thika, unajua kwamba sisi hatuzioni nyota mpaka stima zipotee. Taa za barabara kuu, za viwanda na za ploti zimelipaka anga rangi ya chai ya maziwa, na mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuhesabu nyota zaidi ya ishirini.

Usiku mmoja wa Septemba, mwendo wa saa mbili, stima zilipotea mtaani kwetu Ruiru. Tulipanda juu ya paa, pale pa kuanikia nguo, na mwana wa jirani, mvulana wa Kidato cha Pili, akanyoosha kidole upande wa kaskazini.

"Anko, ona! Msalaba umepinduliwa!"

Kweli ulikuwapo, kichwa chini, nyota yake kubwa kabisa ikiwa ndiyo ya chini. Wataalamu huliita kundi hilo Cygnus. Nikamwambia kwamba kwenye ule mti mrefu wa msalaba, karibu na katikati, kuna shimo jeusi, na kwamba chombo kilichowaelekeza wataalamu huko kilirushwa kutoka Kenya na kina jina la Kiswahili. Akacheka. Alidhani namtania.

Simlaumu. Nami nilisomea Thika miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunitajia habari hii. Basi niruhusu nikusimulie wewe kama nilivyomsimulia yeye.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, kazi ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ilikuwa ya shirika la NASA la Marekani, na msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Katika makaratasi iliitwa SAS-1. Lakini kwa kuwa ilipaa siku hiyo, na kwa heshima ya wenyeji, ikapewa jina Uhuru. Uzani wake haukufika magunia mawili ya mahindi.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka maeneo yenye chembechembe kali ambazo zingevuruga vipimo vyake.

Na kwa nini kwenda angani kabisa, badala ya kujenga darubini kubwa mlimani? Kwa sababu Uhuru haikutafuta nuru ya kawaida bali miale ya eksirei, ndugu ya ile unayopigwa hospitalini ukivunjika mkono. Vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii huitoa kwa wingi, lakini angahewa yetu huizuia isifike chini, na ni heri kwetu. Mwaka 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi kilikuwa kimetumia roketi kugundua eksirei kutoka nje ya jamii ya jua letu, lakini roketi ya namna hiyo huchungulia dakika chache tu kisha inaanguka. Uhuru ilikaa juu na kufanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole na kulipitia anga lote. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei.

Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa na tabia ya ajabu. Kilimetameta, nguvu yake ikipanda na kushuka kwa muda usiofika hata sekunde moja. Hebu fikiria uwanja wa Thika umejaa watu na unataka wote wapige makofi kwa mlio wa firimbi moja. Walio mbali watachelewa kidogo, kwa sababu mlio huchukua muda kuwafikia. Uwanja ukiwa mkubwa, makofi hutawanyika. Kitu cha angani nacho hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Kwa hiyo kitu hicho kilikuwa kidogo mno, kidogo sana kuliko nyota ya kawaida.

Hapo Uhuru ikakwama. Jicho lake lilikuwa kali lakini butu. Lilionyesha mtaa, halikuonyesha nyumba. Walioonyesha nyumba ni watu wa darubini za redio. Mwaka 1971 sahani zao kubwa kule Uholanzi na Marekani zilinasa mawimbi ya redio kutoka upande huo huo, na mawimbi hayo yakaangukia kwenye nyota moja ya buluu iliyokwisha kuandikwa katika madaftari, HDE 226868. Wataalamu wa Uingereza na Kanada wakaichunguza kwa darubini za kawaida na kuona inazungushwa kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Mwenzake huyo alikuwa mzito kupita kiasi, naye hana nuru.

Hata hivyo watu hawakukubali mara moja. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliweka dau na rafikiye Kip Thorne kwamba lile si shimo jeusi, akaja kukiri mwaka 1990 kwamba ameshindwa. Mwaka 2021, kwa kutumia tena sahani za redio zilizotawanywa kote Marekani na kufanya kazi kama jicho moja, ilitangazwa kwamba shimo hilo liko umbali wa miaka ya nuru 7,200 na lina uzito wa jua letu mara 21. Nuru inayotufikia leo ilianza safari kabla piramidi za Misri hazijajengwa.

Uhuru ilichungulia mbali zaidi ya hapo. Ilipoelekea kwenye makundi ya galaksi, kila galaksi ikiwa na nyota mabilioni, iliona kwamba nafasi iliyo kati ya galaksi si tupu. Imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, ambayo darubini ya kawaida haiioni hata kidogo. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilikwisha kuanguka na kuungua mwaka 1979.

Kufikia hapo mama ya kijana alikuwa amepanda juu na tochi ya simu. Alisikiliza kidogo, akauliza swali ambalo kila mzazi huuliza. "Sawa, baba. Na hiyo inalipa?"

Ni swali la haki. Karo hailipwi kwa nyota, na mwezi huo kijana alikuwa akifikiria kuacha fizikia. Nilimjibu mama kwamba anayeweza kutengeneza mashine ya kunasa mawimbi dhaifu ya galaksi anaweza pia kutengeneza mitambo ya simu, na anayeweza kuchambua takwimu za darubini hakosi kazi ya kompyuta. Ghana ilichukua sahani kuukuu ya simu ya mita 32 pale Kuntunse, ikaigeuza kuwa darubini ya redio na kuizindua mwaka 2017. Kenya ina sahani kama hiyo kule Longonot, na imo katika nchi nane zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika darubini kuu ya redio ya SKA. Mradi wa DARA wa Uingereza umewafunza vijana wa Kenya kazi hiyo. Tena mawimbi ya redio hupenya mawingu, hata yale mazito ya Julai yanayotufunika hapa Ruiru. Kinachoisumbua darubini ya redio ni kelele za simu na mitambo yetu. Ndiyo sababu sahani 64 za MeerKAT zimewekwa jangwani Karoo.

Mama hakusema ndiyo wala la. Alisema tutaona matokeo ya muhula.

Kuna jambo moja linaloniuma. Kutoka Ngomeni zilipaa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, kisha kimya. Kenya iliporusha Taifa-1 mwezi Aprili 2023, iliondokea California. Malindi haijalala kabisa, lakini. Darubini ya James Webb iliporushwa Desemba 2021 kutoka Guyana ya Wafaransa, kituo cha Malindi ni miongoni mwa vilivyopokea ishara zake za mwanzo.

Stima zikarudi. Msalaba ukafutika, mtaa mzima ukashangilia, redio zikaanza kulia.

"Anko," kijana akauliza tukishuka ngazi, "kufika huko Ngomeni ni pesa ngapi?"

Nikamwambia apande basi la Nairobi hadi Malindi, kisha matatu, na asiwe na haraka ya kurudi. Majukwaa bado yamesimama baharini. Utayaona kutoka ufuoni.