Taa ya Njano na Hesabu Yake

Kati ya rangi tatu za taa za kuongozea magari, njano ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa kuwa madereva wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huichukulia kama fursa ya mwisho ya kukanyaga mafuta, ilhali iliwekwa kwa kusudi lililo kinyume cha hilo. Taa za umeme zilizofungwa Cleveland, Marekani, tarehe 5 Agosti 1914 zilikuwa na nyekundu na kijani tu, na mlio wa kengele ndio uliowatahadharisha madereva kwamba rangi inakaribia kubadilika. Mwaka 1920, huko Detroit, askari polisi William Potts aliongeza rangi ya tatu, na kazi ya kutahadharisha ikahama kutoka sikioni kwenda machoni. Maana yake ni hii: ambaye hajafika kwenye mstari wa kusimamia, yaani mstari mweupe mnene unaokatiza njia kabla ya makutano, asimame, isipokuwa kama ameukaribia kiasi kwamba hawezi tena kusimama kwa usalama.

Huko “kuukaribia” kuna kipimo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kasi katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva hutumia kama sekunde moja kuiona taa na kuhamishia mguu kwenye breki, na katika sekunde hiyo mita 14 zimekwisha kupita. Breki za kawaida, zisizowarusha abiria mbele, zinahitaji mita nyingine 32 hivi. Jumla ni mita 46, na gari lilelile lisiloshika breki hupita umbali huo kwa sekunde 3.3, kwa hiyo njano hupewa sekunde tatu na ushei ili kila dereva awe na jambo moja analoweza kulifanya bila kuvunja sheria: aliye mbali zaidi ya hapo asimame, na aliye karibu zaidi apite.

Mwaka 1960 wanasayansi Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin walionyesha kwamba njano isipotosha kwa kasi ya magari, hutokea kipande cha barabara ambacho dereva aliyemo hawezi kusimama wala kuwahi. Kipande hicho si lazima kisababishwe na mhandisi, kwani dereva mwenyewe anaweza kukitengeneza. Anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa anahitaji zaidi ya mita 100 kusimama, lakini katika sekunde 3.3 hupita mita 73 tu, na hivyo amejiwekea karibu mita 30 ambazo ndani yake uamuzi wowote atakaoutoa ni mbaya. Basi lililojaa abiria au lori lenye shehena, ambayo husimama kwa taabu zaidi, yana kipande kirefu kuliko hicho.

Baada ya njano, makutano mengi huwa na sekunde moja au mbili ambapo pande zote zinaonyeshwa nyekundu ili aliyeingia mwishoni amalize kuvuka. Bodaboda na bajaji, ambazo hupenya katikati ya foleni na kwenda kusimama mbele ya mstari, mara nyingi huwa zimeshaipita taa na haziioni tena, zikabaki kungoja honi za walio nyuma ziwaambie kuwa kijani kimewaka. Anayeondoka kwa kubahatisha huula muda huohuo uliotengwa kwa ajili ya mwingine.

Mishale nayo ina mantiki yake. Mshale wa kijani unamruhusu dereva kuelekea upande ule tu, tena akiwa katika njia iliyochorwa mshale huo, na kwa sababu hiyo uamuzi wa kukata kona hufanywa mita nyingi kabla ya taa, jambo ambalo anayechomekea dakika ya mwisho hulikataa. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambayo mabasi ya mwendokasi yalianza kuitumia mwaka 2016, inaonyesha gharama ya kuupuuza mshale. Njia za mabasi hayo zimo katikati ya barabara, kwa hiyo gari linalokata kulia bila kungoja mshale haliyakatizi tu magari yanayotoka mbele, kama dereva alivyofundishwa kutazama, bali pia basi linalotoka nyuma yake, upande wa kulia, likiwa na kijani chake halali.

Ishara za mkono wa askari wa usalama barabarani, anayeitwa trafiki, huishinda taa yoyote kisheria, na hilo ni sahihi panapotokea ajali au umeme unapokatika. Kinachotia shaka ni mazoea ya kuongoza magari kwa mkono kila jioni ilhali taa ni nzima. Foleni inayotembea hupitisha takriban gari moja kila sekunde mbili katika njia moja, lakini magari yaliyokuwa yamesongamana yakiisha, yanayofuata huja yakiwa yameachana, na muda unaoendelea kutolewa upande huo hupotea huku foleni ya upande wa pili ikirudi nyuma hadi kuziba makutano yaliyotangulia. Pale ambapo taa zimeachwa ziendelee kuwaka huku askari akielekeza kinyume chake, anayebeba hatari kubwa zaidi ni mwenda kwa miguu, ambaye taa yake yenye umbo la mtu anayetembea hubadilika kwa saa yake yenyewe na humruhusu kuvuka mbele ya magari ambayo mkono umekwisha kuyaita.