BRCK: Kisanduku cha Nairobi kilichopeleka intaneti ndani ya matatu

BRCK ni nini?
Ni ruta imara, yenye betri yake, iliyobuniwa Nairobi na timu ya Ushahidi, shirika lililozaliwa katika ghasia za uchaguzi za 2007/2008. Mwaka 2013 wabunifu walichangisha zaidi ya dola 172,000 kwenye Kickstarter, kisha BRCK ikawa kampuni inayojitegemea.

Kwa nini haikutosha kununua ruta ya kawaida?
Ruta nyingi zimebuniwa kwa nyumba ambayo stima haipotei. Mtu wa mitaa ya Nairobi kama Kayole au Dandora anajua maisha si hayo. BRCK ya kwanza ilidumu saa 8 bila umeme, ikahudumia hadi vifaa 20, na waya wa intaneti ukikatika ilihamia yenyewe kwenye laini ya simu. Ufundi huo ulitokana na kuyajua mazingira, na ndiyo sifa yake kubwa.

Ilifikaje kwenye matatu?
Mwaka 2015 ilikuja Kio Kit, sanduku la tableti 40 za shule. Kisha SupaBRCK, kompyuta iliyofungwa kwenye matatu na kuhifadhi video na vitabu ndani yake, hivyo abiria aliyekwama Jogoo Road angeweza kutazama bila kuvuta kila kitu kutoka mtandaoni. Huduma ya intaneti ya BRCK, Moja, haikutoza abiria pesa. Matangazo ndiyo yaliyolipia.

Ina umuhimu gani?
IBM nayo ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013, ila yake ilijikita zaidi kwenye programu na data. BRCK ilishughulika na kifaa chenyewe: bodi, betri, kasha.