Moshi Uliofichika Ndani ya Zabibu

Watu wengi hudhani kwamba moto wa msituni humdhuru yule tu ambaye shamba lake limeungua. Wakulima wa mizabibu katika bonde la Napa, jimbo la California nchini Marekani, wanajua kuwa sivyo. Mwaka 2020 mioto mikubwa iliwaka kwenye vichaka vilivyokauka, mwezi wa Agosti na tena kuanzia tarehe 27 Septemba, wakati hasa wa mavuno. Mashamba mengi hayakuguswa na ndimi za moto. Hata hivyo, zabibu nyingi ziliachwa bila kuchumwa.

Sababu yake ni ya kikemia. Mti unapoungua, lignini, yaani kitu kiupacho ugumu, huvunjika na kutoa fenoli nyepesi, mojawapo ikiwa gwayakoli. Fenoli hizo huchukuliwa na moshi, hupenya ganda la zabibu, na humo tunda huziunganisha na sukari. Zikisha kufungwa hivyo, hazinuki tena. Mkulima huonja tunda akaliona tamu na safi. Lakini wakati wa kuchachuka baadhi ya vifungo hivyo hukatika, gwayakoli huachiliwa, na mvinyo huwa na ladha ya majivu. Kuosha zabibu hakufai kitu, kwani dosari imo ndani.

Jambo hili si geni kwetu. Muhogo mchungu nao huiweka sumu yake ikiwa imefungwa na sukari, nayo hufunguka muhogo upondwapo.

Mkulima afanyeje? Siku chache kabla ya mavuno huchuma zabibu kutoka pande mbalimbali za shamba, huziponda, na kuzichachusha ndooni. Mvinyo huo mchanga huonjwa na kupimwa maabarani. Kwa kuwa aina nyingine za zabibu zina gwayakoli kidogo kwa asili, vipimo hulinganishwa na vya zabibu zisizopata moshi. Mwaka 2020 maabara zilielemewa na sampuli, wakulima wakangoja majibu kwa wiki kadhaa huku zabibu zikizidi kuiva. Dosari ikiwa ndogo, maji ya zabibu huweza kutenganishwa mapema na maganda, ambamo fenoli nyingi hukaa.

Jaribio la ndoo halizuii moto wala ukame. Lakini humwezesha mkulima kujua, kabla hajalipa vibarua wa kuchuma, kama mavuno yake yatapata mnunuzi.