Vijana Wafunguliwe Karakana za Vyuo Vikuu

Mambo ya ujenzi huzungumzwa sana jengo linapoanguka. Maiti wakisha kuzikwa, mazungumzo nayo huzikwa. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine, Kariakoo. Kila mara watu huuliza nani ashitakiwe, na swali hilo ni la haki. Lakini sisi twaongeza jingine: kijana wa mji huu hujifunza wapi kwamba nguzo ina kiasi cha mzigo iwezacho kubeba?

Darasani huambiwa. Kuambiwa si kuona. Huko Baltimore, Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kimekuwa kikiwakaribisha wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, na mojawapo ya kazi zao ni kujenga daraja kwa tambi kavu na gundi, kisha kulitundikia uzito mpaka livunjike. Msomaji asicheke. Aliyeunda miraba mitupu huiona ikilala upande. Aliyeunda pembetatu huona daraja limesimama, maana pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake ukatike, upinde, au kiungo kiachie.

Hata tambi si lazima. Chukueni ubao wa inchi 2 kwa 6. Ukisimamishwa kwa ubavu hubeba mara tatu ya mzigo unaoubeba ukilazwa, na chini ya mzigo mmoja hupinda sehemu moja tu ya tisa. Maseremala wetu wanalijua jambo hili kwa mazoea tangu zamani. Chuo kikuu kingeweza kumpa mtoto wa seremala hesabu yake. Kisha zege. Likikandamizwa huvumilia sana, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana boriti iliyoegemea nguzo mbili hutiwa nondo upande wa chini, pale katikati inapovutika. Na maji yanayozidishwa ili zege limwagike kwa urahisi hupunguza nguvu hiyo. Ni vibarua wangapi wameamriwa kuongeza ndoo moja zaidi, wasielewe wanachokiondoa?

Vyuo tunavyo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na leo Ardhi na Mbeya nako uhandisi wafundishwa. Tutaambiwa kwamba mashine ni ghali na walimu wana kazi nyingi. Naam, lakini karatasi si ghali, wala mianzi. Wala wasialikwe wale wenye alama za juu za fizikia peke yao: atakayekuwa fundi mwashi ana haja ya elimu hii kama atakayekuwa mhandisi. Wasichana nao wasiitwe kutazama; wapewe koleo.

Wanafunzi wa kidato cha nne humaliza mitihani mwezi wa Novemba, kisha hukaa nyumbani kungoja matokeo. Zege kwa desturi hupimwa likitimiza siku 28. Kundi likimwaga michemraba yake wiki ya kwanza ya Desemba, mmoja kwa kipimo sahihi na mwingine uliozidishwa maji, litaweza kuivunja yote miwili mapema Januari.