Kuku Wako Wanakulisha, au Ni Wewe Unawalisha?

Unafuga kuku 20 wa mayai nyuma ya nyumba, iwe ni Kitengela, Ruiru au Kisauni. Jioni majirani wanabisha mlango wakitaka mayai. Biashara inaonekana iko sawa. Lakini siku ya kununua chakula cha kuku ikifika, salio kwa simu halitoshi. Pesa ilienda wapi?

Hebu tupige hesabu pamoja.

Kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 20 watakula kilo 72 kwa mwezi, yaani kama gunia moja la kilo 70. Tuseme gunia ni shilingi 3,800. Bei hubadilika, kwa hivyo weka ile ya duka lako.

Ukiokota mayai 15 kila siku, kwa mwezi utapata 450, ambayo ni trei 15. Ukiuza trei kwa shilingi 350, hiyo ni 5,250. Toa pesa ya chakula, unabaki na 1,450.

Kwa karatasi, uko sawa. Lakini trei tatu mlikula nyumbani. Mbili alichukua jirani akasema, "Nitakutumia mwisho wa mwezi." Zilizolipiwa ni 10 tu: shilingi 3,500. Tayari gunia limekushinda kwa shilingi 300. Na hata hiyo 3,500 iliingia kwa laini ile ile unayolipia tokeni za stima, nauli na maziwa.

Kwa hivyo kuku hawana makosa. Shida ni kwamba pesa yao haina nyumba yake. Fanya hivi:

1. Tenga pesa ya kuku. Tumia namba ya till au laini nyingine kwa mayai peke yake. Chakula, chanjo na maranda yalipwe kutoka hapo hapo.

2. Lipia mnachokula. Mkila trei, tuma pesa yake kwa akaunti ya kuku, hata kama ni kwa bei ya chini. Ukiamua kutolipa, andika, ndio usidhani umepata hasara.

3. Andika deni siku hiyo hiyo. Jina, idadi ya trei, tarehe ya kulipa. Kukumbusha jirani ni rahisi kama kuna tarehe mliyokubaliana.

4. Angalia salio lako kabla ya kutoa mayai. Meseji anayokuonyesha mteja kwa simu yake si malipo. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wetu.

5. Soma stetimenti kila mwisho wa mwezi. Linganisha pesa iliyoingia na iliyotoka, halafu ongeza mayai mliyokula na madeni. Hapo ndipo utajua ukweli.

Kumbuka pia kuku hatagi maisha yake yote. Akianza kunyonyoka manyoya mayai hupungua, na mtamba wa kuchukua nafasi yake hula karibu miezi mitano kabla ya kutaga yai la kwanza. Kwa hivyo kila ukiuza trei, weka kando kitu kidogo, hata shilingi 30. Siku mayai yatakapopungua, hutalazimika kukopa ili kuku wale.

Anza na gunia lijalo. Baada ya mwezi mmoja, stetimenti itakujibu swali letu la kwanza.