Kipupwe Kisichopoa: Sababu Zake na Maana Yake kwa Mkulima wa Mishamo

Mwezi wa Juni unapoingia, nyasi za miomboni huwa zimekauka, mahindi yamo katika kuvunwa, na asubuhi watu huota moto kabla ya kushika jembe. Hicho ndicho kipupwe. Mishamo iko kaskazini ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, takriban digrii 6 kusini ya ikweta, katika uwanda wa juu unaozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 katikati ya misitu kwa ajili ya wakimbizi walioingia nchini kutoka Burundi mwaka 1972, na wengi wao pamoja na watoto wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Kwa wakazi hao kipupwe ni majira ya kuweka akiba ya chakula cha mwaka. Basi hapana budi kuuliza: kipupwe kisipopoa kama ilivyo desturi yake, hutokea nini?

Baridi hutoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba baridi huja kwa sababu jua limekwenda mbali. Katika nchi za kaskazini, dhana hiyo ina ukweli mkubwa: wakati wa majira ya baridi mchana huwa mfupi mno na jua huwa chini karibu na upeo. Mishamo hali ni nyingine. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Kupungua kwa jua peke yake hakuwezi kueleza ubaridi wa alfajiri za Juni na Julai.

Sababu kubwa ni anga lenyewe. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku huliachia joto hilo lipande angani. Kukiwa na mawingu au unyevunyevu mwingi hewani, sehemu kubwa ya joto hilo huzuiwa na kurudishwa chini, mithili ya blanketi lililomfunika mtu aliyelala. Wakati wa kipupwe mvua zimekoma, anga ni jeupe, na pepo za kusi huleta hewa kavu na ya baridi kutoka kusini. Blanketi limeondolewa. Joto hupotea usiku kucha, na kiasi cha chini kabisa hufikiwa karibu na mapambazuko. Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji kuelekea mabondeni. Ndiyo maana aliyejenga bondeni huhisi baridi kuliko jirani yake wa mlimani.

Mfano wa kaskazini

Kwamba jua si sababu pekee huthibitishwa na nchi za kaskazini zenyewe. Majira ya baridi ya mwaka 2019 kuingia 2020 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyokwisha kupimwa Ulaya kufikia wakati huo: wastani wake ulizidi ule wa miaka 1981 hadi 2010 kwa nyuzi 3.4 za Sentigredi. Jua la mwaka ule halikuwa kali kuliko la miaka mingine. Kilichobadilika ni mkondo wa pepo. Pepo zinazoizunguka ncha ya kaskazini zilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida, zikaifungia hewa ya barafu huko huko, na wakati huo huo pepo za magharibi zikavuma mfululizo kutoka bahari ya Atlantiki zikiwa na hewa vuguvugu. Ujerumani, ambako hutengenezwa mvinyo wa zabibu zilizoganda kwa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, haikuvunwa zabibu ya namna hiyo katika eneo lolote.

Kwa nini kipupwe hupungua ukali

Kanuni ni hiyo hiyo kwa Mishamo, ingawa vipimo ni vidogo. Pepo za kusi zikilegea, au mawingu yakitanda usiku, joto la mchana hubaki karibu na ardhi na alfajiri huwa vuguvugu. Jambo la pili ni El Niño, yaani kupashika moto kwa maji ya sehemu ya kati na ya mashariki ya bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Joto hilo husambaa angani na kuinua wastani wa joto katika ukanda wote wa tropiki kwa miezi kadhaa, kama ilivyokuwa mwaka 1998 na mwaka 2016. La tatu ni la kudumu zaidi: gesi ya kaboni itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyochomwa huongeza unene wa lile blanketi la anga. Vipimo vya dunia tangu katikati ya karne ya 20 huonyesha kwamba, katika sehemu nyingi za nchi kavu, joto la usiku limepanda kwa kasi kuliko la mchana.

Hata hivyo, kipupwe kimoja chenye joto si ushahidi kwamba tabia ya nchi imebadilika. Huo huonekana katika vipimo vya miaka mingi, si katika kumbukumbu ya mwaka mmoja.

Baridi kama mlinzi

Kipupwe cha upole kina faida zake: wazee na watoto wachanga hawateseki, na kuni hutumika kidogo. Lakini baridi ni mlinzi asiyeonekana. Huko British Columbia, nchini Kanada, mbawakavu wa misonobari walizoea kupunguzwa na baridi kali. Majira kadhaa ya upole yalipofuatana, wadudu hao walishambulia zaidi ya hekta milioni 18 za misitu.

Mishamo mlinzi huyo huwazuia maadui wawili. Wa kwanza ni malaria. Mbu jike wa Anofelesi akinyonya damu ya mgonjwa, hawezi kuambukiza papo hapo. Vijidudu havina budi kukua kwanza tumboni mwake, na kasi ya kukua hutegemea joto. Kwa aina ya malaria iliyo hatari zaidi, hesabu itumiwayo na wataalamu huonyesha kwamba kwa wastani wa nyuzi 18 vijidudu huhitaji siku zipatazo 56. Kwa nyuzi 20, siku 28. Kwa nyuzi 22, siku 19. Na kwa nyuzi 25, siku 12. Mbu wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi. Kwa hiyo nyuzi mbili tu, ambazo binadamu hazihisi sana, zaweza kuwa tofauti kati ya mbu afaye bila madhara na mbu aenezaye ugonjwa. Ni kweli kwamba kiangazi hukausha madimbwi mengi, lakini mashimo ya matofali na visima vya bustani za mboga hubaki na maji.

Adui wa pili ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na mwaka 1981 iliripotiwa kwamba amekwisha ingia Tanzania, katika mkoa wa Tabora. Wananchi wakampa jina la Scania. Hutoboa mahindi pamoja na muhogo mkavu. Katika joto la nyuzi 32 na unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa wiki nne hivi. Joto likishuka, muda huo hurefuka sana. Kipupwe cha baridi humpa mkulima nafasi ya kuanika na kuhifadhi. Kipupwe cha joto humnyang'anya nafasi hiyo, na kizazi kimoja zaidi cha dumuzi chaweza kuwa magunia kadhaa yaliyogeuka unga ghalani.

La kufanya

Mkulima hawezi kuamuru pepo, lakini aweza kuutumia ujuzi huu. Alfajiri za Juni zikiwa vuguvugu, mahindi yaanikwe yakauke barabara na kupukuchuliwa mapema, kwa maana dumuzi hustawi zaidi katika magunzi. Kisha yachanganywe na dawa iliyoidhinishwa au yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Chandarua kisikunjwe kwa kuwa mvua zimekwisha, na mashimo ya matofali yafukiwe.

Shule nazo zina kazi. Kipimajoto cha kuonyesha kiasi cha juu na cha chini, kikitundikwa kivulini mahali penye hewa, chatosha kuanzisha daftari la joto la kila siku. Baada ya miaka kumi daftari hilo litaweza kuwajibu kwa tarakimu wale wasemao kwamba baridi ya zamani imekwisha.